Rubani wa Chumba cha Stoo

Mtu ninayemsimulia hapa hajawahi kupanda ndege. Hata ghorofa ndefu humtia kizunguzungu. Siku aliyoitwa kutengeneza kiyoyozi katika jengo refu la benki, aliifanya kazi yote akiwa ameuelekeza uso wake ukutani, akizipapasa nati kwa vidole mithili ya kipofu, na aliposhuka alikaa kwenye ngazi za mlangoni mpaka miguu ikamrudia. Hata hivyo mtaa mzima unamwita Rubani, na jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwa makarani wa serikali peke yao.

Kazi yake ni ufundi wa majokofu. Yeye huliinamia jokofu kama tabibu anavyokiinamia kifua cha mgonjwa, akafumba macho, akasikiliza, kisha akanong'ona, "Kompresa nzima. Feni ndiyo inayokwaruza." Mwenyezi Mungu amemjalia sikio. Sikio hilo ndilo lililompa burudani kubwa kuliko zote za utu uzima wake, na ndilo hilo hilo lililokaribia kumvunjia nyumba.

Nyuma ya jiko lao kuna chumba cha stoo. Humo alitia kompyuta, skrini pana, kiti alichokiokoa kutoka kwenye basi lililokufa, fimbo ya kuongozea aliyoichonga mwenyewe, na pedali mbili alizozifunga kwa bawaba za milango ya majokofu mabovu. Kila alasiri, akishanawa grisi, huketi humo akarusha ndege za vita vya zamani, zile za propela, ambazo nyingi hazipo tena duniani isipokuwa katika makumbusho. Mchezo wenyewe huuzwa ukiwa na ndege chache tu. Zilizobaki hutengenezwa na wapenzi wa mchezo huo waliotapakaa kila pembe, bila malipo, katika mafaili ya nyongeza wanayoyaita modi. Mmoja huchonga umbo la bawa, mwingine hupaka rangi, mwingine hupiga hesabu za uzito na upepo. Rubani hutengeneza sauti.

Niliwahi kumuuliza mtu mpole kama yeye anatafuta nini katika zana za kuulia. Alifikiri kidogo, akanijibu, "Mwalimu, mimi simlengi mtu. Mimi nasikiliza injini." Niliikubali kauli ile, ingawa moyoni niliona kwamba haijamaliza jambo.

Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa mwendesha kreni wa mji mwingine, aliyejiita Kipanga. Hawajaonana ana kwa ana mpaka leo, lakini walizungumza kila wiki kupitia kompyuta, na walitaniana kama waliotahiriwa siku moja. Kipanga alichonga maumbo. Kwa miaka kadhaa wawili hao walikuwa wakiijenga ndege moja, ndege ya mashambulizi yenye injini moja ya duara na pua nzito, iliyouzwa na kuuzwa tena kutoka jeshi moja hadi jingine, ikatumika katika vita vingi vidogo ambavyo vitabu havikuvipa hata sura nzima. Rubani hakuvumilia kosa katika ndege ile. Alimrudisha Kipanga kazini kwa sababu ya safu moja ya ribiti, vile vijipini vinavyoshikilia mabati ya bawa.

"Kaka, ziko chini ya bawa," Kipanga alilalamika. "Nani atalala chali chini ya ndege ya kompyuta ahesabu ribiti?"

"Mimi."

"Wewe una ugonjwa."

"Ninao. Rekebisha."

Rubani kwa upande wake, sauti aliitafuta kama mtu anayetafuta mtoto aliyepotea. Alianza na kanda hafifu ya injini ya namna hiyo iliyowashwa katika makumbusho fulani ya mbali. Akaongeza mngurumo wa mtambo wa baridi wa lori la kubebea nyama. Mluzi wa upepo kwenye mabawa aliupata kwa kulifunga bomba la shaba kwenye pikipiki na kwenda kasi barabara ya machimbo, kinasa sauti kikiwa kifuani, polisi wakimsimamisha mara mbili kumuuliza ana nini. Alitengeneza hata sauti ambayo hakuna aliyemwomba: ile ya chuma kinachopoa baada ya injini kuzimwa, *tik, tik*, kama majokofu yanavyofanya yakikatiwa umeme. Kipanga alipoisikia alicheka sana. "Katika mchezo huu watu hulipuka angani, kaka. Nani atakaa kusikiliza chuma kikipoa?"

Sasa nimtaje mama mkwe wake, kwa kuwa habari hii ni yake pia.

Alihamia kwao baada ya magoti kumgomea, kwa sababu nyumba ya mwanawe wa kiume ina ngazi na ya bintiye haina. Alikuwa mjane mchangamfu, mwepesi wa ulimi, aliyeketi kwenye kigoda mbele ya jiko la gesi na kulitawala kama ofisi. Bintiye, ambaye ni mkunga, alikuwa hospitalini mchana kutwa, hivyo mkwe na mama mkwe wakazoeana kwa adabu na utani.

"Rubani, leo umetua wapi?" alikuwa akimuuliza kila anapotoka stoo.

"Hapa hapa, mama."

"Basi hiyo ni nauli ya kutupa."

Alijua kwamba mkwewe ana mchezo wa ndege. Ni ndege gani hakuuliza, wala hakuwahi kuzisikia, maana Rubani alitumia hedifoni daima. Rubani naye alijua kwamba mama mkwe alikulia mahali palipopita vita. Ila kwa bibi huyo utoto ulikuwa chumba kilichofungwa, na mkwe mwenye adabu hagongi mlango wa namna hiyo.

Ikafika alasiri ambayo sauti ilikamilika. Rubani aliona kwamba hedifoni haziaminiki kwa sauti nzito, na zaidi ya hayo, zilimpa sauti ya aliye kitini. Yeye alitaka kuisikia kama inavyosikika chini, ndege ikipita juu ya kichwa. Akaazima spika mbili kubwa za mpiga muziki wa arusi, akazipanga stoo, akaufungua mlango, akaiamuru kompyuta iirushe ndege yenyewe na kuishusha kwa shambulio. Kisha akatoka mbio hadi mwisho wa ua, akasimama karibu na kamba ya nguo, akafumba macho. Aliwaza yote kuhusu aliye chini, isipokuwa kwamba chini palikuwa na mtu mwingine.

Ilianza kwa mbali, mngurumo mzito usio na haraka, kama mashine ya kusaga nafaka. Ikakaribia. Ikainama, mluzi ukaingia juu ya mngurumo na kupanda, kupanda, mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka na kunguru wakakimbia paa la jirani. Halafu injini ikanguruma kwa nguvu zake zote na kupita. Rubani alisimama pale machozi yakimlengalenga. Alikuwa ameipata.

Aliporudi ndani alikanyaga maji. Sakafu ya jiko ilikuwa imejaa. Jiko la gesi lilikuwa linachuruzika, moto umekufa, mchuzi umekuwa maji matupu. Mama mkwe, mwenye magoti yasiyokunjika, alikuwa amejikunja kati ya jokofu na ukuta, ndoo tupu ameikumbatia, macho ameyakaza kwenye dari.

Hapo Rubani alifanya kosa ambalo, nadhani, lingeweza kufanywa na mtu wa namna yake tu.

"Mama!" alisema, na uso wake uling'aa. "Umeitambua?"

Bibi alimtazama.

"Kwa hiyo ndiyo yenyewe! Ndivyo ilivyokuwa hasa?"

Maji yalikuwa bado yanadondoka. Kisha yule bibi akasema kwa sauti ya chini, "Ilikuwa inafuata moshi." Akanyoosha mkono ainuliwe, akainuliwa, akaenda chumbani kwake na kujifungia.

Mkewe alirudi jioni akiwa bado na sare ya kazini, akasikia habari kutoka pande zote mbili, akamfuata mumewe stoo. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha mwanamume.

"Ndege ya namna hiyo ilipokuja kijijini kwao, wakubwa walikuwa wakimwaga maji motoni ili moshi usionekane," alisema. "Mimi mwenyewe sikuwahi kujua. Nimeambiwa leo. Na wewe ukamwona mama yangu sakafuni, ukafurahi kama mtu aliyefaulu mtihani."

"Mama watoto, sikukusudia..."

"Najua hukukusudia. Ungekusudia ningejua la kukufanya." Akavuta pumzi. "Kesho kutwa anahamia kwa kaka. Ngazi atazipanda kwa mikono ikibidi. Na mimi, baba watoto, sijui nitaishije na mtu aliyemfukuza mama yangu kwa sauti."

Rubani aling'oa waya za spika. Akamwita Kipanga, akamwambia kwamba ndege haitatoka.

"Haitatoka vipi? Watu wanaingoja!"

"Waambie imekufa."

"Kaka, sauti kama ile haijawahi kutengenezwa."

"Ndiyo maana," akasema Rubani, na kuzima.

Siku ya kuondoka, begi la mama mkwe lilikaa sebuleni tangu asubuhi, yeye kandoni mwake, kitenge amejitanda. Mwanawe alipiga simu kwamba gari limemgomea njiani na fundi yuko chini yake. Saa zikapita. Rubani, asiyethubutu kupita sebuleni, alijibanza stoo akifungua na kufunga skrubu ambazo hazikuwa na tatizo. Akasikia mkongojo wa bibi ukigonga sakafu, polepole, mpaka mlangoni pake.

"Hivyo ndivyo vitu vyako?"

Alisimama wima haraka, akagonga kichwa kwenye rafu. "Ndivyo, mama. Mama, nisamehe. Mimi ni mjinga."

"Hilo sikuja kulijadili, linajulikana." Akakitazama kiti cha basi, skrini, pedali. "Nataka kuuliza. Yule aliyekuwa juu, alikuwa anaona nini?"

Rubani alimshika mkono, akamketisha kitini. Aliizima sauti kabisa, akaiwasha ndege angani. Skrini ikajaa nchi: mashamba ya kijani na ya hudhurungi, barabara kama uzi, mapaa madogo. Bibi alisogeza uso.

"Watu wako wapi?"

"Mchezo hauna watu, mama. Kompyuta ingelemewa."

"Na yule wa juu? Mchezo wake yeye ulikuwa na watu." Alikuwa anaongea bila kumtazama. "Dada yangu alikimbilia kwenye mashine ya kusaga. Wengine tulilala mferejini. Nimeuliza maisha yangu yote: alimwona? Mume wangu, Mungu amrehemu, alisema hapana. Kaka zangu walisema hapana, kule juu mtu haonekani. Wewe unazijua hizi ndege. Alimwona?"

Nimefikiria mara nyingi mizani iliyowekwa mbele ya mtu yule. Alikuwa na neno moja la kumfurahisha mama mkwe, na huenda la kumbakisha nyumbani. Lakini alikijua kimo, aliijua kasi, aliyajua madirisha ya kile kibanda cha rubani kama anavyoijua mifuko yake.

"Akiwa juu, hapana," alisema. "Akishashuka, ndiyo, mama. Alimwona."

Bibi akaitikia kwa kichwa, polepole. Mabega yake yakashuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo, au aliyetwishwa. Rubani hakuweza kutofautisha.

"Umekuwa wa kwanza," akasema. Kisha akaongeza, "Hii nchi uliyoiweka hapa si kwetu. Kwetu kulikuwa na kilima upande wa kushoto."

"Kilima kikubwa?"

"Unaweza kukiweka?"

"Naweza, mama."

"Basi mwambie yule kijana na gari lake asijisumbue."

Kwa majuma mengi baada ya hapo, stoo ilikuwa na viti viwili. Bibi aliagiza, Rubani akajenga: kilima, mfereji, shule yenye ukuta uliopasuka, mashine ya kusaga na paa lake la bati lenye kutu upande mmoja. Ukali wa bibi ulizidi hata ule ambao Rubani aliwahi kumfanyia Kipanga.

"Nyumba yenu ilikuwa na madirisha mangapi, mama?"

"Ya nini, unataka kuiba?"

"Nataka kuchora."

"Mawili. Moja halikufunguka. Na huo mlango umeuweka kama wa hoteli; baba yangu aliinama kuingia."

Walipofika kwenye mashine ya kusaga, bibi alimwomba aweke kamba ya nguo kandoni mwake, na juu ya kamba, kanga moja nyekundu. Rubani aliiweka wala hakuuliza ya nani.

Mkewe alikuwa akipita mlangoni na chai. Siku moja aliweka vikombe vitatu badala ya viwili, akaketi juu ya pipa la gesi tupu, akasikiliza mama yake akisimulia utoto aliodhani hautasimuliwa.

Kijiji kilipokamilika, bibi alisema, "Sasa nataka ishuke."

Rubani alisitasita. "Ishambulie, mama?"

"Astaghfiru! Ishuke. Itue pale uwanja wa mpira, izime injini. Toka nizaliwe sijawahi kuiona ikikaa chini."

Alianza kujaribu peke yake, asije akamwaibisha. Uwanja wa mpira wa watoto, kama alivyoelekezwa, uliishia kwenye mikaratusi. Ndege ilitua, ikakimbia, ikaiparamia miti. Akapunguza mafuta, akaondoa mabomu yote, akaja polepole mpaka mabawa yakatikisika. Akikanyaga breki kwa nguvu, pua nzito ikabinuka na mkia ukasimama angani. Alijaribu alasiri baada ya alasiri, na kila mara ikawa miti au pua. Ndege ya kweli isingeweza kutua pale, na ndege yake ilikuwa ya kweli. Mwishowe akamwita Kipanga.

"Rahisi," alisema Kipanga. "Ziongezee breki nguvu kwenye faili. Dakika mbili."

"Ndege siigusi."

"Basi mwambie bibi haiwezekani."

Yule aliyeshindwa kusema neno la uongo kwa mama mkwe wake alikuwa anaitazama mikaratusi kwenye skrini.

"Nitaisogeza miti," akasema.

"Nini? Wewe! Wewe uliyeninyima usingizi kwa ribiti moja, unarefusha nchi?"

"Kidogo tu."

Kipanga akacheka, kisha akaacha kucheka. "Sawa, kaka. Irefushe. Mimi sijaona."

Alasiri ya kutua, bibi aliketi katika kiti cha basi, mkono wake juu ya fimbo ya kuongozea na mkono wa mkwewe juu ya wake. Mkewe alisimama mlangoni. Rubani alikuwa ameizima sauti, lakini bibi akatikisa kichwa.

"Iwashe."

"Mama, si lazima."

"Iwashe, nimesema. Kuja kwake nakujua. Nataka kusikia inavyonyamaza."

Akaiwasha, ndogo. Mngurumo wa mashine ya kusaga ukaingia chumbani. Rubani aliuhisi mkono ulio chini ya wake ukikakamaa, lakini haukuiacha fimbo. Kilima kikapita kushoto. Paa la bati lenye kutu, mfereji, kanga nyekundu kwenye kamba. Magurudumu yakagusa, yakaruka, yakagusa tena. Ndege ikakimbia juu ya nyasi, ikapunguza, ikapunguza zaidi, ikasimama hatua chache kabla ya miti. Rubani akaizungusha swichi ya kuzima injini. Propela ikayumba mara kadhaa na kukwama.

Kukawa kimya. Kisha, katika kimya hicho, *tik*. Na tena, *tik, tik*.

"Nini hiyo?"

"Chuma, mama. Kinapoa."

Bibi aliinamisha kichwa akasikiliza mpaka milio ikaanza kuachana, mmoja hapa, mwingine baadaye sana, mpaka ukaja wa mwisho na hakuna uliofuata. Akaendelea kuutazama uwanja.

"Uwanja wetu haukuwa mrefu hivi," akasema.

"Najua, mama."

"Mpira ukipigwa kwa nguvu ulikuwa unapotelea kwenye miti. Tulikuwa tunagombana nani aufuate."

"Najua. Nitaurudisha ulivyokuwa."

"Nani amekwambia uurudishe?" Akaegemea mkongojo wake, akajiinua, magoti yakilia. "Uache hivyo hivyo. Haya, nipisheni, nimeacha sufuria motoni."